Kabla ya kutuma sare kwa timu ya isukuti

Wengi wetu tulio Uingereza, Kanada au nchi za Ghuba tukichangia timu ya ngoma ya vijana nyumbani, cha kwanza kununua ni sare. Sare huonekana kwenye picha. Lakini timu ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, haivunjwi na ukosefu wa sare. Huvunjwa na njaa ya saa sita mchana, na msichana anayefika kwao giza likiwa limeingia, baba yake akamkataza kurudi tena.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Jina ni la ngoma zenyewe: kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Wavulana wana safu yao, wasichana yao, na mwimbishaji huongoza. Timu ya vijana 24 tunaigawa hivi: wachezaji 16, wapigaji ngoma 3, wa pembe 1, wa njuga 2 na waimbishaji 2, kwa sababu sauti ya mmoja hukauka. Kila mpigaji awe na mchezaji anayeweza kushika nafasi yake. Mwenye ngoma kubwa akichoka huanza kuharakisha bila kujua, safu zote zinamfuata, na mwimbishaji anaishiwa pumzi katikati ya ubeti.

Nyuma yao kuna watu wazima watano: mwalimu, mtunza ngoma, mpishi, mama wa kuwaangalia wasichana na mweka hazina. Hao ndio wa kutafutwa kwanza, na wanastahili posho.

Kwa watu hao wapatao 30, mpishi anahitaji gorogoro (kopo la kupimia la kilo mbili hivi) moja na nusu ya mahindi na gorogoro moja ya maharagwe, yalowekwe usiku wa kuamkia mazoezi. Yasipolowekwa, githeri inaiva saa nane, vijana walishaondoka. Mazoezi yaanze saa tatu asubuhi, maana mvua ya Kakamega hupenda alasiri. Ila kabla ya kupanga Jumamosi, waulizeni wazazi: kuna familia za Kisabato ambazo siku hiyo hazitatoa mtoto.

Mtunza ngoma ana kazi ambayo watu huidharau. Ngozi hunyonya unyevu, hulegea, na mlio unakuwa butu. Anawasha moto mdogo wa majani makavu, anaelekeza uso wa ngoma kwenye joto akiuweka mbali kama urefu wa mkono, huku akiugonga kwa vidole na kuugeuza. Mlio ukipanda, anaondoa hapo hapo. Akisogeza karibu ili amalize upesi, ngozi hupasuka ukingoni, na hapo ni kuwamba upya. Mazoezi yakiisha, ngoma zikae juu ya ubao penye hewa, si kwenye sakafu ya saruji wala ndani ya mfuko wa plastiki, zisishike ukungu.

Timu ikienda kucheza mbali, tuseme Kisumu, safari ina hesabu yake. Matatu mbili za watu 14 hubeba 28 tu, na ngoma hazijapata mahali. Kodini basi la viti 33 na mpatane saa ya kurudi mapema, kwa sababu boda boda za usiku kutoka stendi hadi vijijini ndizo humtia mzazi wasiwasi. Kwa kila aliye chini ya miaka 18, mzazi atie sahihi, na namba yake ya simu iwe kwa yule mama anayewaangalia wasichana.

Pesa zisiingie kwenye M-Pesa ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, wawili watoshe kutoa. Tumeni kila mwezi kiasi kidogo kisichokosa. Pesa nyingi za Desemba hazimlishi mtoto wa Mei. Mikutano ya simu itajwe kwa saa za Kenya, maana Kenya haibadilishi saa. London huwa nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi.

Sare zishonwe mwishoni, na fundi wa huko huko anayeweza kuwapima vijana. Na timu ikiitwa matangani siku ya mazoezi, msilalamike kwamba ratiba imevurugika. Isukuti huchezwa matangani tangu zamani, na vijana hujifunza mengi wakisimama karibu na wazee. Pesa ya githeri ya siku hiyo iwe nauli yao.