Siku moja ya fundi wa faiba kati ya Malindi na Gongoni

Saa kumi na mbili asubuhi

Simu ya zamu ilinikuta nikiwa na chai na mahamri mkononi. Njia ya faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaobeba mawasiliano kwa mwanga, inayotoka Malindi kuelekea kaskazini ilikuwa imepungukiwa na mwanga tangu usiku, ingawa haikuwa imekatika. Kwa fundi, waya uliokatika ni kazi nyepesi kuliko waya uliodhoofika, kwa sababu uliokatika hujitangaza wenyewe, ilhali uliodhoofika huenda umekunjwa, umebanwa, umevutwa au umeingiwa na maji kwenye maungio.

Saa mbili asubuhi

Katika chumba cha mitambo niliunganisha OTDR, kifaa kinachotafuta hitilafu za faiba kwa mwangwi wa mwanga, kwenye uzi mmoja wa akiba, usiobeba mawasiliano ya mtu yeyote. Uzi wa faiba una kiini cha kioo chenye kipenyo cha takriban mikromita 9, nacho kimefunikwa na ganda la kioo linalofikisha kipenyo chote kwenye mikromita 125. Mwanga hubaki ndani ya kiini kwa kuwa ganda lina uwezo mdogo kidogo wa kuupinda, hivyo mwanga unaolifikia kwa pembe ya kulala hurudishwa ndani. Lakini hakuna kioo kilicho sawasawa kabisa. Kila sehemu yake hutawanya mwanga kidogo sana, na sehemu ya mwanga huo hurudi ulikotoka; huu ndio mtawanyiko wa Rayleigh. OTDR hupiga mpigo mfupi wa leza, kisha hupima mwangwi unaorudi. Kwa kuwa mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya kioo, mwangwi uliorudi baada ya mikrosekunde 1 umetoka umbali wa mita 100 hivi.

Mchoro uliojitokeza kwenye kioo cha kifaa ulishuka taratibu, kama inavyotarajiwa: mwanga hupotea takriban desibeli 0.35 kwa kila kilomita kwenye wimbi lenye urefu wa nanomita 1310, na 0.2 kwenye nanomita 1550. Karibu na kilomita ya 17 palikuwa na ngazi, yaani mwanga ulishuka ghafla. Kwenye 1310 ngazi hiyo haikuonekana vizuri, ila kwenye 1550 ilikuwa kubwa. Hiyo ni dalili ya mkunjo, maana wimbi refu hushikwa kwa ulegevu zaidi ndani ya kiini, na uzi unapokunjwa ndilo linalotoroka kwanza.

Ni hapa ambapo sisi wa mawasiliano tunaachana njia na watu wa vihisi, wanaoutumia uzi wa faiba kama chombo cha kupimia. Mkunjo, joto, mvuto na mtetemo kwetu ni kero tunayolipwa kuiondoa. Kwao ndiyo habari yenyewe wanayoitafuta, na uzi ambao sisi tungeuita mbovu wao wangeusoma.

Saa nne na nusu

Tulikuwa tumeshapita Mambrui, mimi na mwanagenzi wangu. Kilomita 17 za waya si kilomita 17 za barabara, kwa sababu kwenye kila shimo la maungio waya huachwa umezungushwa mizunguko kadhaa ya akiba. Kwa hiyo mwanagenzi alifungua shimo lililokuwa karibu, akaukunja ule uzi wa akiba polepole kwa vidole, huku mwenzetu aliyebaki Malindi akitazama mchoro na kutueleza kwa simu ngazi mpya imetokea mita ngapi kabla ya ile ya zamani. Tayari huo ni upimaji kwa kihisi: kidole kimeugusa uzi, na mtu aliye mbali amejua umeguswa wapi.

Tuliukuta mfereji umefukuliwa na bomba la waya limekandamizwa na tingatinga la mkandarasi mmoja, ambaye hakumwarifu mtu.

“Fundi,” mwanagenzi aliuliza, “waya haukuweza kutuambia tingatinga linakuja?”

Ungeweza, lakini si kwa kifaa kile tulichonacho. OTDR ya kawaida hupima wingi wa mwanga uliorudi. Vipo vifaa vinavyotumia leza safi zaidi na kupima awamu, yaani mahali wimbi lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake. Uzi ukivutwa hata kwa sehemu ndogo ya urefu wa wimbi la mwanga, awamu ya mwangwi hubadilika. Kwa njia hiyo waya wa makumi ya kilomita hugeuka kuwa safu ya masikio, kila sikio likichukua mita 10 hivi, na mitetemo ya nyayo, magari na machimbo husikika kila moja mahali pake. Mwaka 2018 wanasayansi wa Marekani walitumia kipande cha kilomita 20 cha waya ulio chini ya bahari katika ghuba ya Monterey, California, na wakagundua nyufa za miamba ambazo hazikuwa kwenye ramani.

Hata hivyo sipendi uuzaji wa maneno katika jambo hili. Waya uliolala ovyo ndani ya bomba husikia vibaya kuliko uliozikwa ukashikamana na udongo, na kutofautisha jembe la mkulima na jembe la mwizi wa nyaya kunahitaji programu iliyofundishwa kwa muda mrefu.

Saa saba na nusu mchana

Baada ya sala ya adhuhuri na sahani ya wali wa nazi huko Gongoni, tulimtembelea mzee mmoja anayesimamia mabwawa ya chumvi. Nilimwonyesha jambo dogo: jinsi uzi wa faiba unavyoweza kupima chumvi ya maji. Ncha ya uzi wa faiba iliyokatwa vizuri, ikiwa hewani, hurudisha takriban asilimia 3.6 ya mwanga unaoifikia. Ikitumbukizwa majini, hurudisha chini ya asilimia 0.3, kwa kuwa maji yanakaribiana na kioo katika kuupinda mwanga. Kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo maji yanavyozidi kukikaribia kioo na mwanga unaorudi kupungua. Hakuna chuma cha kuliwa na kutu, wala umeme unaoingia bwawani.

“Ni kizuri, mwanangu,” alisema, akainua kipimo chake cha kioo kinachoelea. “Lakini hiki changu hakitaki leza.”

Nilikubaliana naye. Tope kidogo kwenye ncha ya uzi lingeharibu hesabu yote, na kwa mtu anayepita bwawani kila asubuhi kipimo cha kuelea kinatosha.

Saa kumi na moja jioni

Bomba lilikuwa limebadilishwa na ngazi imetoweka kwenye mchoro. Tukiandika ripoti, mwanagenzi alitaka kujua kama faiba inaweza kupima joto pia. Kwa joto kuna mtawanyiko mwingine, wa Raman, ambao hutoa mwanga wa rangi mbili pembeni mwa ule wa leza. Ule wenye mawimbi mafupi huongezeka sana kioo kinapopata joto, na uwiano wake na mwenzake hutoa kiwango cha joto cha kila mita. Ndivyo moto unavyogunduliwa ndani ya mahandaki ya barabara, na ndivyo visima vya mafuta vinavyopimwa.

Njia ya tatu ni ya mistari ya Bragg, ambayo Kenneth Hill na wenzake waliigundua Kanada mwaka 1978. Mistari hiyo huchorwa kwa mwanga ndani ya kiini chenyewe, na hurudisha rangi moja tu. Uzi ukivutwa, mistari huachana kama michoro ya mkeka unaovutwa, na rangi inayorudi hubadilika. Daraja la Tsing Ma la Hong Kong limewahi kupimwa kwa vihisi hivyo. Ubaya wake ni kwamba joto nalo huisogeza rangi, kwa takriban pikomita 10 kwa kila digrii, kwa hiyo lazima kiwepo kihisi cha pili kisichovutwa na kitu, kitakachosoma joto peke yake.

Saa mbili usiku

Niliituma ripoti pamoja na pendekezo moja: uzi mmoja wa akiba usikodishwe kwa mteja yeyote, na ukipatikana mtambo wa kusikiliza mitetemo, hata wa kuazima, uanzie kipande cha baada ya Mambrui ambako uchimbaji bado unaendelea.