X au Zero: chagua mmoja, kaa naye

Gemu nyingi zikikuwekea mashujaa wawili, ukichunguza utakuta ni mtu yuleyule kabadilisha shati. Mmoja ana kasi kidogo, mwingine ana nguvu kidogo, na ukicheza dakika tano umeshasahau ulimchukua yupi. Ndiyo maana sichoki kurudi kwenye Mega Man X4, ile ya Capcom ya mwaka 1997 iliyotoka kwenye PlayStation na Sega Saturn. Mashujaa wake ni maroboti wawili, na kabla hata hujaruka mara moja unaulizwa: X au Zero? Ukijibu, basi. Hakuna kubadilishana njiani. Ukimtaka yule mwingine, unaanza gemu upya.

Wapo wanaoliona hilo kama ubahili. Mimi naona ndilo lililoifanya gemu hii iwe gemu mbili.

X ana bunduki mkononi. Unabana kitufe, mkono unajaa nguvu, ukiachia inatoka risasi nono. Utamu ni kwamba wakati unajaza bado unakimbia, unaruka, unakwea ukuta. Kwenye pedi ya PlayStation, Square ni ya kupiga, Cross ya kuruka na Circle ya kuchomoka kasi, kwa hiyo kidole gumba hakipumziki: ubavu wake umeikandamiza Square muda wote huku ncha inatafuta Cross. Circle ndiyo inakuwa tabu. Mimi kitu cha kwanza naingia kwenye mipangilio, nahamishia kuchomoka kwenye R1, kitufe cha begani mwa pedi, ndipo naanza kucheza kama mtu mwenye akili. Ukishazoea, X anakuwa mchezo wa subira. Unajua una risasi moja kubwa imejaa, unachosubiri ni nafasi.

Zero ana upanga wa mwanga. Akisimama ardhini na kukata, anapiga mapigo matatu mfululizo, lakini miguu inaganda palepale. Hata kama alikuwa anachomoka, akikata anasimama. Angani haigandi. Kwa hiyo Zero anayecheza vizuri ni Zero asiyekaa chini: ruka, kata ukiwa unashuka, toka. Anayemchezesha kama X, yaani kusimama mbali akisubiri, ataliwa na kila kidudu cha steji.

Chukua mfano wa Web Spider, bosi wa steji ya msituni. Anashuka na uzi kutoka juu ya majani, anarusha utando wa umeme, anapanda tena. Akipenda anamwaga buibui wadogo. Nikiwa na X nasogea pembeni, risasi imejaa, anajitokeza tu nimeachia. Nikiwa na Zero lazima nibahatishe atashukia wapi, niwe karibu na hapo, nimrukie, nimkate, kisha niondoke kabla utando haujafunguka usoni. Akikaribia kufa anatandaza utando mkubwa na kutembea juu yake, na hapo X anaona kapata shabaha nzuri tu. Zero anaona kazi imeongezeka. Bosi ni mmoja, chumba kimoja, mashambulizi yaleyale, ila mapigano hayafanani hata kidogo, na hakuna aliyelazimika kuchora kitu kipya.

Tofauti inaingia hadi kwenye namna wanavyokua. X anakuzwa na steji. Dr. Light, aliyemuunda, amemwachia kapsuli za vipande vya deraya zimefichwa huku na kule: ya miguu iko hukohuko msituni kwa Web Spider, na ya mikono inakulazimisha kuchagua tena, ama risasi inayoacha nyuma yake mipira ya umeme, ama uwezo wa kuweka akiba ya risasi nne zilizojaa. Mabosi nao wanampa silaha, na kila silaha inamwonea bosi fulani, kwa hiyo ukiwa na X unapanga foleni: nani anamuogopa nani.

Zero hapati kapsuli hata moja. Anakuzwa na mabosi peke yao. Akimshinda Split Mushroom anaweza kuruka mara mbili angani. Akimshinda Jet Stingray anachomoka angani. Kwa Magma Dragoon anapata mkato wa moto unaopanda juu. (Magma Dragoon mwenyewe ni utani wa Capcom kwa Capcom: anarusha mipira ya moto na ngumi ya kupaa kama watu wa Street Fighter.) Hivyo foleni ya Zero haihusu udhaifu tu. Unajiuliza nataka mwili gani kwanza. Mimi huanzia kwa Split Mushroom bila kufikiri, maana Zero wa kuruka mara moja ananipa presha.

Hadithi nayo imegawanyika, ingawa sauti za Kiingereza ni za kuchekesha pale zilipotakiwa kuliza. Wote wawili wanaingizwa kwenye vita na jeshi la Repliforce, wote wanaishia kwa Sigma, adui mkuu, lakini njiani X ana msaidizi wake Double, kibonge mpole anayekuja kugeuka kuwa jasusi, na unapigana naye. Mahali hapohapo, Zero anapigana na Iris, dada yake Colonel wa Repliforce, ambaye tangu mwanzo wa gemu hana ugomvi naye. Pia ni kwa Zero tu unapoonyeshwa alikotoka na kilichompata Sigma walipokutana mara ya kwanza. Ukicheza na X pekee, hayo yote hujui.

Sasa linganisha na zilizofuata. X5 ya mwaka 2000 inakuruhusu kuchagua shujaa kabla ya kila steji. X6 ya 2001 ikampa X upanga. X7 ya 2003 ikaenda mbali zaidi: unabadilisha shujaa katikati ya steji kwa kubonyeza kitufe. Kila hatua ilionekana ni ukarimu, na kila hatua ilimpunguza mtu. Nikiwa na uwezo wa kumwita Zero pale X anaposhindwa, sina sababu ya kumjua X vizuri. Shimo gumu linakuwa la Zero, bosi wa mbali anakuwa wa X, na mimi nabaki msimamizi wa zamu. Kwenye X4 shimo gumu ni langu mimi na huyo niliyemchagua, tutafute namna.

Ukiitaka leo iko ndani ya Mega Man X Legacy Collection ya mwaka 2018, pamoja na tatu zilizoitangulia. Anza na X, umalize, kisha Zero. Kisa cha Iris kinakamata zaidi kama ulishamwona Double kwenye nafasi ileile. Steji ya pikipiki ya Jet Stingray ni ya kukariri vizuizi tu na siipendi, lakini Zero anahitaji kile kilichoko mwisho wake, kwa hiyo uimalize mapema ujisahaulishe.