Jinsi nilivyotenganisha fedha za yatima na za ofisi

Jumuiya yetu ya kidini ilikuwa na akaunti moja: sadaka, ruzuku na michango ya yatima, vyote humo. Salio lilionekana nono, kumbe sehemu kubwa ina masharti ya wafadhili. Sikufungua akaunti nyingine (ada za benki nazo hula). Niliongeza safu kwenye daftari la fedha: kila mapato na kila hati ya malipo itaje mfuko wake, yaani fungu la fedha lenye kusudi lake. Mwisho wa mwezi, jumla ya mifuko yote ilingane na salio la benki, baada ya kupunguza hundi tulizoandika ambazo benki haijazilipa. Papo hapo likajitokeza pengo: mafuta ya jenereta yamelipwa kwa fedha za karo ya yatima! Kamati ikazirudisha kutoka mfuko wa jumla, usio na masharti ya wafadhili.