Siku moja na miwani kumi na moja, Mikindani

Saa 11 alfajiri

Naamka kabla ya adhana, si kwa ucha Mungu bali kwa sababu ya maji. Leo ni bamvu, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Bahari itakupwa mpaka miamba ionekane mgongo, na kufika saa 4 na nusu maji yatakuwa yamesimama. Hapo ndipo nataka mgeni wangu awe chini, kwa hiyo boti lazima itoke mapema kabla ghuba haijatuachia tope.

Naongoza wazamiaji na kutunza vifaa kwenye kituo kidogo hapa Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini. Watu wakisikia wanadhani kutwa nacheza na kasa. Kutwa nashika vitu vilivyolowa.

Saa 12 asubuhi

Nahesabu miwani ya kuzamia. Ziko kumi na moja, leo nakuta kumi. Ya kumi na moja iko juu ya boti, imelala kifudifudi tangu jana mchana. Kijana wetu aliisahau. Jua la Mtwara mnalijua. Ule mpira laini unaokaa usoni, sisi tunauita sketi, ukipikwa na jua siku baada ya siku unapoteza ulaini, na mkanda wa nyuma unaanza kupasuka pale unapopinda kwenye kibanio. Nauvuta taratibu mbele ya mwanga wa tochi: nyufa mbili ndogo, nyembamba kama unywele. Nautoa, naweka mkanda mpya. Kila kituo kiwe na mikanda ya akiba, maana mkanda haukatiki ukiwa ghalani. Unakatika mtu akishavaa mtungi wa hewa mgongoni.

Chai na mihogo ya kuchemsha. Tuendelee.

Saa 1 asubuhi

Mgeni anafika kwa bajaji. Ametoka Dodoma, ana cheti cha kuzamia alichopata Zanzibar, na ana miwani yake mpya aliyonunua juzi Dar es Salaam. Anaitoa kwenye kasha lake kama mtu anayetoa mtoto kwenye mbeleko. Nzuri kweli: sketi ya silikoni nyeusi, vioo viwili, pua ina nafasi. Namwomba aipime bila mkanda. Anaiweka usoni, anavuta pumzi kidogo kwa pua, anaachia mikono. Imeganda, haidondoki hata akitikisa kichwa. Imemkaa.

Lakini nikipitisha kidole ndani ya kioo, kinateleza. Silikoni mpya inaacha utando mwembamba kwenye kioo, huuoni kwa macho, na utando huo ukiwepo ukungu hautoki hata uteme mate, dawa yetu wazamiaji ya ukungu, ya wiki nzima. Namwambia aisugue kwanza, au leo achukue ya kwetu.

"Kaka, hii mpya," ananijibu.

Sawa. Naitia miwani ya akiba kwenye mfuko wa jaketi langu, sisemi kitu.

Saa 2 hadi saa 6

Kusi limelegea, nahodha anaimba. Tukipita ukingo wa mwamba nawaona wavuvi wa pweza wameshatawanyika na mikuki yao, na miongoni mwao mjomba wangu, namjua kwa kofia. Amevaa miwani yake ya tangu enzi. Nitairudia.

Mgeni anatema mate kwenye kioo, anasuuza, tunashuka. Mita tano, sawa. Mita nane, naona macho yake yanatoweka nyuma ya weupe. Anafanya alivyofundishwa: anaingiza maji kidogo, anayazungusha yafute kioo, kisha anabana ukingo wa juu na kupuliza kwa pua mpaka maji yatoke kwa chini. Safi kabisa. Sekunde ishirini baadaye weupe umerudi. Mara ya tatu nampa ishara ya kupanda. Juu nampa ile ya akiba, ya bluu, imechubuka kila mahali, aina ambayo mtu hapigi nayo picha. Tukarudi chini na hatukusumbuka tena.

Tuliona samaki taa mmoja mkubwa kwenye mchanga, na chewa ambaye mgeni baadaye alimwonyesha nahodha kwa mikono kana kwamba alikuwa mbuzi. Sikumkatalia. Ukitazama kupitia hewa ya kwenye miwani, kitu kilicho majini kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja na kimesogea karibu kuliko kilivyo. Nahodha, ambaye hajawahi kusoma hayo popote, alicheka tu: "Samaki wa kwenye kioo si samaki wa kwenye mizani."

Saa 7 mchana

Tumerudi. Miwani zote zinaingia kwenye ndoo ya maji baridi. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho natumia ya bomba. Nabonyeza vibanio ndani ya maji, maana mchanga unajificha humo, halafu natandaza kivulini. Zikikauka kila moja inaingia kwenye kasha lake, mbali na mapezi meusi ya mpira tunayovaa miguuni, kwa sababu silikoni angavu ikikaa imelalia mpira mweusi inabadilika rangi. Ukiifungia ikiwa bado mbichi, madoa meusi ya ukungu wa uozo yanaota na hayatoki.

Mgeni anakaa pembeni yangu na kichupa cha dawa ya meno. Tumekubaliana bila kusemezana. Nyeupe ya kawaida, si ile ya jeli. Tone moja ndani ya kila kioo, kidole kinazunguka dakika kadhaa, pembeni kabisa kwenye maungio na sketi, suuza, rudia. Kuna wanaochoma utando kwa kiberiti cha gesi. Nimefanya, na niliunguza sketi ya miwani isiyo yangu, nikailipa. Na kama kioo kina rangi maalumu iliyopakwa, moto na dawa ya meno vyote achana navyo, fuata karatasi ya mtengenezaji.

Akimaliza raundi ya tatu anahemea kioo. Mvuke unakuja, unaondoka hapohapo. Anacheka peke yake.

Saa 10 jioni

Mjomba anakuja na pweza wawili begani. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba." Anaomba nimkazie mkanda, miwani yake inavuja.

Kwetu Wamakonde mjomba ni mjomba. Humwambii usoni kwamba kitu chake kibovu. Naipokea kwa mikono miwili. Ya mpira mweusi, kioo kimoja cha mviringo. Mpira umelainika, unanata kama ubani, umevimba chini ya pua. Naangalia masharubu yake yanavyong'aa: kila asubuhi anapaka mafuta ya mgando ili maji yasipite kwenye nywele. Ndiyo hayo hayo yanayoula mpira. Na mkanda ameukaza mpaka ameachwa na mstari usoni, wakati ukizidi kukaza unaukunja ukingo na maji yanapata njia.

Kilichonitisha zaidi ni kioo. Kile cha asili kilivunjika miaka iliyopita, fundi wa vioo mjini akamkatia kipande cha dirisha. Kioo cha kuzamia hukomazwa kwa joto, kama cha dirisha la pembeni la gari: kikipasuka kinamwagika vipande vidogo butubutu. Cha dirisha la nyumba kinatoa visu, na hivi viko sentimita chache kutoka kwenye jicho la mtu anayeinamia miamba na mkuki mkononi.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia, "Mjomba, nisaidie. Nina miwani tatu za kituo, sijui ipi imkae mtu mwenye uso mwembamba."

Akakaa. Ya kwanza, ile pana, ilibaki wazi kwenye mashavu, hata kidole kinapita. Ya pili iliganda, lakini nilipompa mdomo wa snokeli, ule mrija wa kupumulia, aume, mashavu yakabadilika ikaachia. Ndiyo maana kupima bila kitu mdomoni ni nusu ya kipimo. Ya tatu ndogo, kioo kiko karibu na macho, hewa yake chache. Kwa mzamiaji wa pumzi moja kama yeye hiyo ni faida: kila akishuka bahari inaibana ile hewa, mita kumi tu inabaki nusu yake, na lazima ajazie kwa kupuliza puani kutoka kwenye pumzi yake mwenyewe. Asipopuliza, macho yanavilia damu. (Ndiyo sababu vijana wanaoshuka na miwani za kuogelea, zisizofunika pua, wanapanda na macho kama wamepigwa.)

Ilikaa, ila chini ya pua ikapumua kidogo. Masharubu.

Tulinyamaza wote wawili.

"Nikate yote?" aliuliza.

"Kamstari tu, mjomba, pale chini ya pua. Na mafuta basi tena."

Akaigeuza kwenye mwanga. Nikamwonyesha neno TEMPERED lililochongwa pembeni mwa kioo, nikamweleza la gari. Akatikisa kichwa polepole, akasema yule fundi wa mjini alimwambia kioo chake ni imara kuliko cha Wazungu. Tukakubaliana bei, atalipa kwa pweza, kidogokidogo. Nikamwambia na hii mpya pia inasuguliwa, nikamweleza ya dawa ya meno. Ile ya zamani nilitegemea ataniachia. Akaitia kwenye kikapu chake.

Saa 3 usiku

Nimekula, ming'oko na pilipili. Simu inaita, binamu yangu, mtoto wa mjomba, anataka kujua ni raundi ngapi hasa, kwa sababu mzee amekaa barazani na tochi tangu magharibi, ameshamaliza dawa ya meno ya nyumba nzima, na sasa anaulizia ya jirani.