Kufunga baiskeli mpya ya baba mdogo, Ifakara

Jumamosi mchana

Boksi limefika na basi la kutoka Dar. Nimelichukua stendi, nikalipakia kwenye bajaji likiwa limetokeza huku na huku, na sasa limelala barazani. Dukani waliniuliza kama nataka baiskeli ikiwa imeshafungwa au ikiwa ndani ya boksi, nikasema boksi. Baiskeli hii ni ya baba mdogo. Itabeba magunia ya mpunga kutoka shambani, msimu hadi msimu, na nataka kila goroli iliyomo ipite mikononi mwangu kabla haijapakiwa mzigo.

Wengi huamini kwamba kitu kipya kimekamilika. Kwa baiskeli za namna hii sivyo. Kiwandani huwa zimeshikizwa tu: goroli zimo, spoku zimo, nati zimo, lakini grisi ni ya kupakaza, koni (nati zilizochongoka zinazobana goroli) zimekazwa kwa haraka, na spoku moja inavuta huku jirani yake imelegea. Ukiipanda hivyo hivyo itakwenda vizuri kwa muda, kisha habu, yaani vitovu vya magurudumu, zinaanza kulia, rimu inapinda, na watu wanasema baiskeli za siku hizi ni mbovu. Kumbe ilikosa jioni moja ya grisi na spana.

Ni ile baiskeli ya kazi tunayoifahamu wote: fremu nyeusi yenye bomba la juu lililonyooka, magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za fito za chuma, keria nzito nyuma, na stendi ya miguu miwili. Umbo lake halijabadilika sana tangu baiskeli ya Rover aliyoitoa John Kemp Starley kule Coventry, Uingereza, mwaka 1885: magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo unaosukuma la nyuma. Ndiyo maana naipenda. Hakuna kilichofichwa ndani yake. Ukiwa na spana chache, nyundo, mafuta ya taa na kopo la grisi, unaweza kuifungua yote na kuirudisha.

Nimetandika mkeka na kupanga vitu kwa makundi. Nati na wosha za madigadi kwenye kifuniko kimoja, za keria kwenye kingine, na pini mbili za krenki (mikono inayoshika pedeli) peke yake kwenye kikombe. Vipande vinne vya mpira wa breki vipo. Hakuna kilichopungua.

Jumamosi jioni, habu

Nimeanza na gurudumu la mbele. Nikashika ncha ya ekseli, chuma kinachopita katikati ya habu, kwa vidole viwili na kuizungusha polepole sana. Inakwenda, inasita, inaachia, inasita tena. Ukihisi hivyo vidoleni, koni imekazwa kupita kiasi na goroli zinasagana na chuma. Kwa macho huoni chochote, na ukilizungusha gurudumu kwa nguvu litazunguka tu. Vidole ndivyo vinavyosema.

Tandika kitambaa cheupe chini kabla hujafungua, maana goroli zikikimbilia mchangani hutazipata zote. Habu ya mbele ina goroli 10 kila upande, za inchi 3/16. Ya nyuma ina 9 kila upande, za inchi robo, kwa sababu huko ndiko mzigo unakokaa. Nilipofungua ya mbele nikakuta utando mwembamba wa mafuta yaliyokauka, rangi ya chai, na upande mmoja kulikuwa na vumbi la chuma. Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikafuta vikombe vya ndani mpaka kitambaa kikatoka safi, nikajaza grisi ya kutosha kikombe chote, kisha nikazibandika goroli moja moja ndani yake. Grisi yenyewe inazishikilia mpaka urudishe ekseli.

Kukaza koni ndiyo kazi ya uvumilivu. Unaikaza mpaka iguse, unairudisha nyuma kidogo sana, halafu unaishika kwa spana nyembamba huku nati ya nje inakazwa kwa spana nyingine. Ile nati ya nje ikikazwa huisukuma koni ndani, kwa hiyo lazima uache nafasi ndogo mapema. Nimerudia mara kadhaa kila upande hadi nikaridhika.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Weka gurudumu la mbele kwenye uma wa fremu, valvu ikiwa pembeni, sawa na mshale wa saa tisa, kisha liachie bila kulisukuma. Uzito wa valvu peke yake unatosha kulishusha. Likishuka lenyewe, likapita chini kidogo, likarudi na kutulia, koni imekaa sawa. Halafu shika rimu na kuitikisa kushoto na kulia: isigonge. La mbele limeshuka vizuri. La nyuma nimelipima kwa vidole na kwa kulitikisa.

Beringi za shingo nazo nimezifungua, nikaweka grisi na kuzifunga. Hazikuwa na tatizo kubwa.

Jumapili asubuhi, spoku

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko pengine pote, na sijutii hata dakika moja.

Gurudumu la mbele lina spoku 32, la nyuma 40. Nimeigeuza fremu, kiti na usukani chini, nikafunga gurudumu la nyuma bila tairi na kushika kipande cha chaki karibu na rimu, mkono ukiwa umeegemea fremu usitikisike. Unazungusha polepole. Pale rimu inapokuja upande wako, chaki inaacha alama. Alama ikikaa upande wa kushoto, unakaza kidogo spoku za kulia mahali hapo na kulegeza za kushoto kwa kiasi hicho hicho. Robo mzunguko, si zaidi, kisha unazungusha tena kuangalia.

Lakini kwa baiskeli ya breki za fito, kuyumba kushoto na kulia si jambo la kwanza. Mipira ya breki hizi haibani rimu pembeni kama baiskeli nyingine. Huvutwa na fito na kukandamiza uso wa ndani wa rimu, ule unaotazama habu. Rimu ikiwa na mahali palipopanda na palipozama, breki itashika na kuachia, kushika na kuachia, kila gurudumu linapozunguka. Kwa hiyo nilianza na kupanda na kushuka: nikashika chaki chini ya rimu, pakionekana pamevimba nikakaza spoku za pande zote mbili mahali hapo, pakizama nikazilegeza. Nikamaliza hilo kwanza, ndipo nikaenda kwenye kuyumba. Ukianza na kuyumba utarudia kazi.

Nilipoona linakwenda sawa, nikalibeba hadi kwa fundi wa njiapanda, mzee aliyewafungia baiskeli watu wa mtaa huu tangu sijazaliwa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Gurudumu la nani hilo?"

"La baba mdogo. La kubebea mpunga."

Hakulizungusha. Alilisimamisha gotini, akapita akizigonga spoku kwa mgongo wa spana, moja baada ya nyingine, huku ameinamisha kichwa. Ting, ting, ting, halafu tung. Akarudi kwenye ile tung.

"Hii na hii zimelala. Rimu imenyooka, lakini hizi hazifanyi kazi. Weka gunia juu, jirani zake ndio watakaobeba, na ndio watakaokatika."

Nikarudi nyumbani nikazikaza zile mbili na kusawazisha zilizo jirani, safari hii nikisikiliza sauti badala ya kutazama chaki peke yake. Spoku za upande wenye gia hulia juu kidogo kuliko za upande wa pili, hiyo ni kawaida kwa gurudumu la nyuma kwa sababu rimu imevutwa kuelekea huko. Unacholinganisha ni spoku za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe.

Jumapili mchana, matairi na krenki

Kuhusu tairi nina neno moja kwa atakayekwenda kununua la akiba. "Inchi 28" haitoshi. Tazama ubavuni namba ndogo yenye kistari. Rimu hizi za breki za fito ni 28 × 1½, na kipimo chake ni 635, yaani milimita 635 mahali tairi linapokalia rimu. Yapo matairi mengine yanayoitwa 28 lakini yameandikwa 622. Hayo hayaingii, na anayelilazimisha ataharibu tairi au rimu. Yangu yameandikwa 40-635.

Nimepaka poda kwenye tyubu, nikaijaza upepo kidogo ili isijikunje, nikaingiza tairi kwa vidole bila bisibisi. Valvu ni ile ya kizamani yenye kimpira chembamba juu ya sindano. Nimenunua kimpira cha akiba na kukifunga kwa uzi chini ya kiti.

Krenki ni za pini. Kila pini ina upande mmoja uliochongwa bapa, na bapa hilo hukaa juu ya bapa la ekseli ya krenki. Pini mbili huingia kwa kuelekeana kinyume: krenki ya kulia ikiwa imeelekea mbele, kama pini yake inaingilia juu, basi ya kushoto nayo ikielekea mbele pini yake iingilie juu pia. Ukikosea hapo, mikono ya krenki haitakuwa katika mstari mmoja na miguu itahisi kila mzunguko. Nimeegemeza krenki kwenye gogo la mpingo ili pigo la nyundo lisiishie kwenye goroli, nikagonga pini kwa nyundo na kipande cha mbao katikati, ndipo nikafunga nati. Nati ya pini ni ya kuizuia isitoke tu. Kinachoshika ni pigo. Wanaovuta pini kwa nati peke yake hukata nyuzi zake.

Pedeli: ya kulia hukazwa kama nati yoyote, ya kushoto hukazwa kinyume. Kwenye ncha ya ekseli zake imechorwa R na L. Weka grisi kwenye nyuzi, anza kwa vidole, na isipoingia kwa ulaini usitumie nguvu.

Mnyororo nimeuacha ulegee kiasi cha sentimita moja ukiubonyeza katikati. Gia ya mbele ina meno 48, ya nyuma 18, maana yake pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inakwenda karibu mita 6. Kwa bonde la Kilombero, tambarare hivi, ni hesabu nzuri. Kwa mtu wa milima ya Uluguru isingekuwa.

Madigadi, keria, bati la mnyororo, kengele: nati baada ya nati, hakuna la kusimulia. Breki nimezipanga mpira ukae kama milimita 3 kutoka kwenye rimu, pande zote mbili sawa, na nimehakikisha kila kipande cha mpira kimefungwa ndani ya kiatu chake, kile kishikizo cha chuma, upande uliozibwa ukitazama kule rimu inakoelekea inapozunguka. Ukiugeuza, gurudumu litauchomoa mpira siku ya kushika breki kwa nguvu.

Jumapili jioni

Baba mdogo amekuja. Nimemwamkia, akaitikia, akazunguka baiskeli akiwa na mikono nyuma.

"Imeiva?"

"Imeiva baba, lakini usiipakie kitu kwanza. Iendeshe tupu, halafu uirudishe nikaze pini."

Ameipandisha hadi karibu na stesheni ya TAZARA na kurudi. Nilipogonga pini tena, ya kushoto iliingia kidogo zaidi, na nati yake ikakubali mzunguko mzima. Ndivyo inavyotakiwa: chuma kinajipanga kikishapata uzito. Asiyekaza mara hii ya pili ndiye anayesikia krenki ikigonga kila hatua, na pini ikishaanza kucheza huila ekseli.

Baada ya gunia la kwanza

Gunia limekuja na kushuka salama. Nimelipima gurudumu la nyuma kwa chaki: limeyumba kama unene wa ukucha upande mmoja, nimelirudisha kwa kukaza spoku nne. Boliti za keria kwenye fremu zililegea zote mbili, nimeziongezea wosha za springi. Breki ya nyuma inashika bila kuruka, na hilo limenifurahisha kuliko yote kwa sababu lilitokana na ile asubuhi ya chaki. Masika rimu zikilowa breki hizi hupungua nguvu sana, hivyo nimemwomba baba mdogo azibane kidogo kidogo mapema kabla ya kufika mahali pa kusimama, zifute maji kwanza.

Kilichobaki ni mipira ya kufungia mzigo, nitaikata kutoka kwenye tyubu kuukuu ya gari, na tairi moja la akiba, 40-635.