Kutoka nyumba za Machame hadi bweni la ghorofa: nilivyoikuza kampuni yangu ya ujenzi

Kwa mtu wa ujenzi hapa Moshi, mwaka wa kazi unahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka Krismasi. Mwenye nyumba yuko Dar au Mwanza, anatuma hela kidogo kidogo kwa simu, na sharti lake ni moja: Desemba familia ikipanda Machame, Kibosho au Rombo, ikute nyumba imeezekwa na maji yanatoka. Kazi hizo zimenilea na ninaziheshimu mpaka leo. Ila ukizifanya kwa mtindo uliozoeleka, yaani mwenye nyumba ananunua vifaa na wewe unalipwa ufundi, unaweza kujenga mpaka uzeeke na kampuni yako ikabaki palepale. Hela ya saruji haipiti kwako, kwa hiyo hujifunzi kuiongoza, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba uliwahi kusimamia kazi ya thamani fulani.

Nafikiri hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Kujenga tunajua. Kinachohitajika kwenye mradi mkubwa ni uwezo wa kukaa kazini miezi miwili mitatu ukilipa mafundi na vifaa kabla hujaona shilingi ya mteja. Mengine yote niliyofanya yalikuwa ya kuutafuta uwezo huo.

Nilianzia kwenye nyumba zilezile. Nikaacha kuchukua ufundi peke yake, nikawa nasaini mkataba wa vifaa na ufundi, wenye mchanganuo wa gharama na malipo kwa awamu: msingi, lenta, kupaua, kumalizia. Wateja hawakupenda mwanzoni. Mmoja aliniambia, "Kaka, nakuheshimu sana, lakini kwetu amezoea shemeji kununua saruji." Nikamjibu kwamba shemeji aendelee kuja saiti, ahesabu mifuko, apige picha amtumie, ila nondo ikija nyembamba kuliko ya kwenye mchoro awe na mtu mmoja wa kumuuliza, naye ni mimi. Alikubali. Alipoona hesabu ya kila awamu imefungwa na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zimeambatanishwa, yeye mwenyewe akaniletea ndugu zake wawili.

Malipo hayo yote niliyapitisha akaunti ya kampuni, hata aliyetaka kunitumia kwenye simu nilimwomba aweke benki. Kuna sababu. Zabuni inapokuuliza mapato yako ya mwaka na kazi ulizowahi kufanya, kinachosoma ni taarifa ya benki, hesabu zilizokaguliwa, mikataba na barua za kukamilisha kazi. Nyumba nzuri ya Kibosho isiyo na mkataba ni kama haikujengwa. Sasa hivi kila mteja akikabidhiwa funguo namwomba barua siku ileile, maana ukisubiri mwezi unaanza kumsumbua mtu.

Usajili sitaueleza kwa urefu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inapanga makandarasi wa majengo kuanzia daraja la saba hadi la kwanza, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya mkataba mmoja, isipokuwa la kwanza. Sisi tulianzia la saba. Ukitaka kupanda, bodi inaangalia wataalamu ulionao, mitambo, mtaji na kazi ulizofanya. Zabuni za serikali siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni ulioanza kutumika 2023, na ukichelewesha cheti kimoja tu, iwe cha kodi au cha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaachwa. Nimempa dada wa ofisini kazi ya kuangalia tarehe za vyeti vyote kila mwanzo wa mwezi, na namlipa vizuri kwa kazi hiyo.

Kazi iliyotuvusha ilikuwa bweni la ghorofa la shule binafsi upande wa Usa River. Kwa daraja letu tusingeigusa peke yetu. Tuliingia ubia na kampuni ya rafiki yangu wa Arusha aliye juu yetu kidaraja, tukausajili ubia huo bodi, tukaandika nani analeta nini: wao mhandisi na mikisa mbili za kuchanganyia zege, sisi mafundi, mbao za boksi la kumwagia zege na msimamizi wa kila siku. Akaunti ikawa moja, saini mbili. Ndugu wanaogopa ubia kwa sababu ya kugombana, na ni kweli watu hugombana, ila mara nyingi ni pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Kabla ya kusaini tulikaa kwenye meza tukapiga hesabu ya fedha wiki kwa wiki. Mfano wake ni huu. Tuseme kazi inakula milioni 40 kwa mwezi. Kazi ya mwezi wa kwanza inapimwa mwisho wa mwezi, mshauri, yaani mtaalamu anayesimamia kazi kwa niaba ya mteja, anatoa hati ya malipo katikati ya mwezi wa pili, mteja ana siku 28 za kulipa. Hela inaingia katikati ya mwezi wa tatu. Kufikia hapo umeshatumia milioni 100, na hati yenyewe imekatwa asilimia 10 ya zuio, yaani fedha ambayo mteja anaishikilia kwanza, na kwa mikataba mingi nusu yake inatoka ukikabidhi jengo na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro zikijitokeza. Mkandarasi anaweza kuwa na faida nzuri kwenye karatasi na akasimamisha saiti kwa kukosa mshahara wa Jumamosi. Kwa hiyo tuliomba malipo ya awali, tukatafuta dhamana yake, halafu nikaenda kwa mwenye duka la vifaa ninayenunua kwake siku zote pale Moshi. Alisoma mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa. "Mangi," akaniambia, "nondo na saruji nitakupa, utanilipa siku 45, ila kila hati ikitoka nione nakala." Hicho ndicho kilichotubeba. Alinijua kwa miaka ya kumlipa kwa wakati hata vitu vidogo.

Saiti yenyewe ilidai nidhamu ambayo nyumba ya kawaida haikulazimishi. Chukua zege la jamvi, yaani la sakafu. Tulitengeneza boksi la mbao la kupimia, ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Huo ni ujazo wa lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Mfuko mmoja, boksi moja na nusu la mchanga, matatu ya kokoto, maji yasizidi lita 25. Hakuna sepeto la kukadiria. Mchanga ukiwa umelala na mvua, maji yanapunguzwa, kwa sababu saidia fundi anapenda zege linalomiminika kama uji na zege hilo ni dhaifu. Kila tulipomwaga tulijaza zege kwenye viboksi vya chuma vya sentimita 15 kila upande, tukapeleka vipande vilivyokauka maabara vikapondwe kupima nguvu siku ya 7 na ya 28. Majibu ya kwanza yalipokuja mazuri, mshauri alianza kutuamini, na hati zetu za malipo zikawa hazikai mezani kwake.

Msingi tuliufungua Januari. Kwa huku kwetu nashauri hivyo kwa yeyote: masika ikikukuta Aprili na mashimo wazi, unalipa vibarua wa kuchota maji. Tulikuwa tumeshafukia na kushindilia kabla mvua haijashuka.

Kipindi cha matazamio kimeisha, nusu ya mwisho ya zuio tumelipwa, na tumeomba kupanda daraja. Wiki hizi nimeitwa kwenye kazi mbili za ghorofa kwa pamoja, moja Njiro, nyingine hapa Moshi. Nimechukua ya Njiro tu. Ya pili nitaijibu nikishapata mhandisi mwingine. Naongea na kijana aliyesoma Chuo cha Ufundi Arusha, ambaye alifanya mazoezi kwetu bweni likijengwa na ndiye aliyekuwa akiandika daftari la zege.