Nikikataa, utakuja kunigeuza?

Jana binti mmoja anayesomea fiziotherapia kaniuliza, dada, hivi mtu anaweza kubaki na wagonjwa wake na bado akafanya utafiti, au lazima achague kimoja? Nikamwambia inawezekana, halafu nikanyamaza, maana alinijia akilini yule bibi wa kitanda cha dirishani.

Ni wakati wa ule utafiti wetu wa kugeuza wagonjwa. Manesi wote tumefundishwa hivyo, asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila masaa mawili asipate vidonda vya mgandamizo, vile vya kulalia sehemu moja muda mrefu, kwa hiyo usiku unamwamsha mtu aliyeupata usingizi kwa shida. Mwaka 2013 mtafiti Bergstrom na wenzake walitoa utafiti wa wazee wa nyumba za kulelea Marekani na Kanada, waliokuwa wanalalia magodoro ya povu zito, wakaona kugeuza kila masaa mawili, matatu au manne hakukuleta tofauti ya maana kwenye vidonda. Mimi swali hilo, kama masaa mawili ni lazima, nilikuwa nalo tangu zamu za usiku, ndo lililoniingiza kwenye utafiti, sio kwamba wodi ilinichosha.

Basi nimempa bibi dawa, nimemwekea mto mgongoni, nikatoa fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti nikamsomea polepole, nikamwambia uko huru kukataa. Akaangalia sare yangu, akaangalia karatasi, akanishika mkono. "Mjukuu wangu, nikikataa, usiku bado utakuja kunigeuza?"

Nikamwambia nitakuja bibi, usaini usisaini. Kalamu anayo lakini haandiki, mkono wangu hauachii, ananitazama usoni tu kama anatafuta jibu lingine nyuma ya lile nililompa, na mimi nikaona hakuna sentensi ya kwenye fomu inayoweza kumtoa hofu ile, kwa sababu anayemuomba ndo huyohuyo anayemtegemea.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu, linasema hivyo kabisa, mgonjwa akiwa anamtegemea anayemhudumia, ridhaa iombwe na mtu mwingine aliye nje ya uhusiano huo. Nikaikunja fomu, nikamuomba mwenzetu asiye na zamu wodi ile aje aongee naye. Bibi akakataa. Usiku nikaja nikamgeuza kama kawaida.

Tangu hapo ridhaa anaomba yule mwenzetu, ila wodini kila mtu anajua utafiti ni wa nani, na mpaka leo najiuliza ni wangapi waliomkubalia yeye huku wakinifikiria mimi.